Vifuniko vya mikono na miguu kwa baiskeli wakati wa baridi
Kwa asubuhi za Januari kule Uholanzi, chagua vifuniko, yaani mikono na miguu ya kitambaa inayovaliwa pamoja na fulana na kaptula ya baiskeli, vya sufu ya merino (sufu laini ya kondoo wa aina hiyo) au vya poliesta yenye manyoya mafupi kwa ndani, wala si vya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho, hukawia kukauka na kuuacha mwili ukipoa kila upepo unapopiga. Vya miguu vivutwe hadi pajani, ukanda wake wa silikoni, ule wa mpira unaoshika ngozi, ukae ndani ya pindo la kaptula, la sivyo vitateremka na kuliacha wazi goti, ambalo halina nyama ya kulikinga. Vibane, lakini visiache alama nzito kwenye ngozi. Hata hivyo, baridi ikikaribia nyuzi 0, mimi ningevaa suruali ndefu ya baiskeli, hasa ikiwa mvua inanyesha.