Maswali na Majibu: Betri za Roboti Shuleni

SWALI: Tulifunga shule tukaacha roboti sita kabatini, kila moja na betri zake mbili za lithiamu za 18650 (zile za umbo la mche duara). Tumerudi Januari, betri tano hazifiki hata volti 2. Nikizitia kwenye chaja, taa inawaka kama kawaida. Niendelee kuzitumia? (Mwalimu wa fizikia, Morogoro)

JIBU: Hapana, mwalimu, hizo tano zimekwisha kazi. Betri ya lithiamu ya aina hiyo ikijaa husoma volti 4.2, na wengi wa watengenezaji huweka kikomo cha chini kwenye volti 2.5. Ikikaa chini sana ya hapo kwa majuma, karatasi ya shaba iliyo upande wa hasi yaweza kuanza kuyeyukia kwenye kimiminika cha ndani. Ukichaji, shaba ile huganda tena, ila si mahali pake, na inaweza kuota hadi kuunganisha hasi na chanya. Hiyo ni shoti iliyo ndani ya ganda, huwezi kuiona. Taa ya chaja haijui habari hiyo. Inaonyesha tu kwamba umeme unapita. Kabla ya kuchaji betri yoyote, ipime volti kwanza kwa multimita (kipima umeme), kila mara.

Zilikwishaje? Yaelekea swichi ziliachwa zimewashwa. Bodi ya Arduino Uno, ile inayoongoza roboti, hata isipofanya lolote, hula takriban miliampea 50. Betri yenye miliampea-saa 2,500 humalizwa kwa saa 50, yaani siku mbili. Kwa hiyo siku ya mwisho ya muhula usitegemee swichi: toa betri kwenye holda. Zihifadhi zikiwa kati ya volti 3.7 na 3.85. Njia rahisi ni kutozijaza baada ya zoezi la mwisho. Zipime, na zilizoshuka mno uzichaji kidogo tu. Kila betri ikae kwenye kisanduku chake cha plastiki, isigusane na funguo, misumari wala betri nyingine. Na tafadhali, si stoo ya mabati inayopigwa na jua mchana kutwa. Betri iliyojaa ikikaa kwenye joto huchakaa upesi kuliko ile iliyo nusu.

SWALI: Roboti yetu ina betri mbili zilizofuatana, volti 7.4. Naweza kuzichaji zote kwa bodi ndogo moja ya kuchajia, TP4056, bila kuzitoa? (Kiongozi wa klabu ya roboti, Mombasa)

JIBU: Huwezi. TP4056 imeundwa kwa betri moja, ikome kwenye volti 4.2. Zitoe, uchaji kila moja peke yake, au ununue chaja ya betri mbili yenye waya wa kusawazisha. Bila kusawazisha, betri iliyo dhaifu hupitishwa kiwango chake huku nyingine haijajaa, na chaja inaona jumla tu.

Angalia pia ampea. Bodi nyingi za TP4056 huja na rezista ya kilo-ohm 1.2, iliyoandikwa 122, inayotoa ampea 1. Kwa 18650 nzima ni sawa. Kwa betri ndogo ya miliampea-saa 500 ni maradufu ya inachostahili. Badilisha rezista iwe kilo-ohm 2.4, upate ampea 0.5. Na muuzaji akikuletea 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900, mrudishie. Betri halisi za umbo hilo huwa kati ya 2,000 na 3,500 hivi.

SWALI: Betri yetu ya LiPo (lithiamu ya mfuko laini) imevimba kama andazi lakini bado inaendesha roboti. (Mwanafunzi, Arusha)

JIBU: Iache leo hii, mdogo wetu, na umwite mwalimu. Uvimbe ni gesi iliyotokana na kuharibika kwa kimiminika cha ndani. Msiitoboe, msiibonyeze, msiichaji tena. Mwalimu azibe ncha zake kwa tepu ya umeme, aiweke nje kwenye ndoo ya chuma isiyofunikwa, mbali na ukuta, hadi ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Isitupwe jalalani, isichomwe.

Ikianza kutoa moshi, wote mtoke nje: moshi huo una hidrojeni floridi, sumu inayounguza mapafu. Kwa Tanzania, mpigie Zimamoto 114. Mtu mzima, ikiwa anaweza bila kuuvuta moshi, azime swichi kuu ya umeme kisha amwage maji mengi. Maji ndiyo yanayopoza. Mchanga huzuia cheche, lakini joto hubaki ndani na moto unaweza kurudi.

SWALI: Tunasafiri kwa ndege kwenda mashindanoni. Betri za akiba ziende wapi? (Mzazi, Dar es Salaam)

JIBU: Kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja. Zidisha volti kwa ampea-saa: pakiti ya volti 11.1 yenye ampea-saa 2.2 ni wati-saa 24 tu. Ziba ncha zote kwa tepu.