Daftari la mpira wako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema mkunga wa kliniki alipoliona kovu nyuma ya sikio alikuuliza ule mpira wa kutoa maji kichwani uliwekwa lini, umebadilishwa mara ngapi, mara ya mwisho ulipimwa lini, nawe ukabaki kumkodolea macho. Halafu ukaniuliza: "Mama, kwani mimi sijapona? Kuna haja gani ya kuyafukua haya?"

Majibu ya mkunga ni mepesi, yamo kwenye lile daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Uliwekewa mpira Muhimbili, pale MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo, Agosti 2000, ukiwa na miezi mitano. Ulibadilishwa 2002 ulipoziba, ukabadilishwa tena 2011 ukiwa darasa la tano. Swali lako wewe ndilo gumu.

Ulizaliwa mzima. Wiki ya tatu ukashikwa na homa na degedege, zahanati wakatibu malaria. Homa ikashuka, nikashukuru Mungu, kumbe ilikuwa ya uti wa mgongo na ilishaacha makovu ndani. Kichwa cha kila mtu hutengeneza maji ya kuuogesha ubongo, kwa mtu mzima kama nusu lita kwa siku, na maji hayo hurudi kwenye damu. Kwako njia ya kurudi iliziba, ndicho wanachokiita kichwa maji. Kofia niliyokushonea ilikuwa haikuingii baada ya wiki mbili. Utosi ukatuna, macho yakawa yanazama chini, weupe unabaki juu. Majirani walisema mengi, na bibi yako mzaa baba alisema kuliko wote. Tuliyaacha.

Sasa sikiliza. Mpira haukuifungua ile njia. Ulikupa njia nyingine: unaanzia ndani ya ubongo, unapita nyuma ya sikio kwenye vali, kidude kinachoongoza maji yanayopita, unashuka chini ya ngozi ya shingo na kifua mpaka tumboni, maji yakanyonywe huko. Hata saa hii unaposoma barua hii, mpira unafanya kazi. Ndiyo maana daktari aliyekupasua hakuniambia umepona. Aliniambia umeruhusiwa.

Siku za mwanzo nilikulaza ubavu usio na kidonda, nikakesha. Uliponyolewa upande mmoja tu ulikuwa kichekesho, lakini wakati ule sikucheka. Walinifundisha kupima kichwa chako kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kuzungusha kisogoni palipotokeza, kila Jumapili, niandike. Walinionya kwamba miezi ya kwanza adui ni vijidudu: homa, au wekundu unaofuata mstari wa mpira. Baada ya hapo adui ni kuziba, na huyo hana muda maalumu. Mtoto anatapika, hasa asubuhi, analialia, halafu anakuwa na usingizi ambao si usingizi.

Mengine nilifundishwa na akina mama wenzangu kwenye benchi la kliniki. Kila baada ya miezi mitatu tulitoka Tukuyu kwa basi, siku nzima njiani, na nilikuwa nikiwakuta walewale, isipokuwa wale ambao hatukuwaona tena. Mmoja wao aliniambia, "Mtoto akiwa na mpira, usikubali malaria iwe jibu la kwanza." Maneno hayo ndiyo yaliyokuokoa 2002. Ulitapika siku tatu, hospitali moja wakakupa dawa ya tumbo. Nikasema ana mpira kichwani, wakaniambia nisubiri majibu ya damu. Sikusubiri. Tulipanda basi la alfajiri, na tulipofika Dar ulikuwa umelala mapajani mwangu, nakuita huitiki.

Ile ya 2011 haikuwa ya kutisha hivyo. Ulikuwa umerefuka, mpira haukurefuka nawe, picha ikaonyesha ncha ya chini imevutika juu.

Tangu hapo miaka kumi na minne kimya, na kimya ndicho kilichokufanya uache kliniki. Sikulaumu. Lakini sasa una mimba. Kichwa kuuma, kutapika na macho kuona ukungu ni dalili za presha ya mimba, na ni dalili za mpira kuziba pia. Mfuko wa uzazi ukikua, unaweza kuibana ncha iliyo tumboni. Kwa hiyo yakikupata, wakupime presha na mkojo, na hapohapo useme neno mpira kabla ya neno jingine lolote. Nenda sasa, ukiwa mzima, ukamwone daktari wa upasuaji wa ubongo, apate kukujua kabla ya shida. Wenye mpira wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Lakini ikitokea ukapasuliwa, anayeshika kisu ajue kuna mpira tumboni.

Umeniuliza pia kama mtoto atarithi. Kichwa maji chako kilitokana na homa, na homa hairithiwi. Vidonge vya foliki meza kama wanavyomeza wajawazito wote.

Limebaki moja, nalo ni kosa langu. Siku ile ya kuagwa nilikuambia jikoni usimwambie mumeo, nywele zitaficha. Niliogopa wakwe wasije wakasema kama alivyosema bibi yako. Nilikosea sana, mwanangu. Mpira ukiziba usiku wewe hutaweza kujieleza, utakuwa umelala kama ulivyolala kwenye basi lile, na atakayekuwa kando yako ni yeye. Atadhani umechoka na mimba, atakufunika shuka.

Mwambie leo. Ukishindwa, mpe simu nimwambie mimi, maana ushauri ulikuwa wangu. Ashike kwa kidole vali ilipo, kama nilivyokuwa nikiishika kila nikikuogesha.

Kurasa za daftari nimempa mdogo wako azipige picha, utazipata jioni. Ukurasa wa Novemba 2002 panya wamekula pembeni, lakini tarehe inasomeka. Lenyewe nitakuja nalo Mwanza mwezi wa nane, na nitalipakata njia nzima, siliweki kwenye buti.

Mama yako