Ukitaka kuwajua askari wasaidizi wa Roma, anza na daftari lao la zamu

Jamaa wakija kunitembelea huku kaskazini mwa Uingereza, karibu kila mmoja hutaka kupelekwa kwenye Ukuta wa Hadrian, uliojengwa na Warumi. Huwa nawashauri jambo moja: ukuta tuutazame, tupige picha, kisha twende Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta, tushinde huko. Hata wakati wa kiangazi beba koti, maana upepo wa kule hauna adabu.

Waliokaa Vindolanda hawakuwa watu wa Roma. Walikuwa vikosi saidizi, vijana walioandikishwa kutoka mataifa ambayo Roma ilikuwa imeyaweka chini yake. Kikosi cha kawaida cha miguu kilikuwa na askari 480, yaani makundi sita ya watu 80, kila kundi na akida wake. Vikosi vikubwa vilifika 800. Wabatavi, wa eneo ambalo leo ni Uholanzi, hawakutozwa kodi. Walitozwa vijana. Mwaka 83 hivi baada ya Kristo, Agricola, gavana wa Roma nchini Uingereza, alipopambana na makabila ya Scotland huko Mons Graupius, aliwatanguliza Wabatavi na majirani zao Watungri, lejioni, yaani vikosi vikuu vya raia wa Roma, akaziacha nyuma. Mwanahistoria Tacitus, mkwewe Agricola, anaandika bila haya kwamba ushindi ungekuwa na fahari kubwa zaidi usipogharimu damu ya Kirumi.

Masimulizi ya vita yanavutia, lakini ukiishia hapo utawajua majemadari tu. Mimi humpeleka mgeni kwenye taarifa moja ya kikosi, iliyoandikwa kwa wino juu ya ubao mwembamba mnamo miaka ya 90 baada ya Kristo. Mbao za aina hiyo zilianza kufukuliwa pale mwaka 1973. Taarifa hiyo ni ya tarehe 18 Mei, ya kohoti (yaani kikosi cha miguu) ya kwanza ya Watungri. Jumla ya askari ni 752, na kati yao 456 hawapo! Miongoni mwa hao wasiokuwapo, 46 wamekwenda kuwa walinzi wa gavana, 337 wako Coria (leo Corbridge, si mbali na hapo), akida mmoja yuko London. Waliobaki ni 296, nao si wote wazima: 15 wagonjwa, 6 wana majeraha, 10 wanaugua macho. Anayefaa kwa kazi ni 265, pamoja na akida mmoja tu. Ukitaka kukadiria nguvu ya jeshi la zamani, usizidishe idadi ya vikosi kwa 480 ukaridhika. Ni sawa na kuamini orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa mlangoni siku ya Ijumaa alasiri.

Swali ninaloulizwa sana ni kwa nini walikubali kuitumikia Roma. Wengine hawakuulizwa. Ila kulikuwa na malipo ya mwisho: tangu enzi za Kaizari Klaudio ilizoeleka kwamba mtu akitumikia miaka 25 anapewa uraia wa Roma. Thamani ya kitu hicho utaipata Matendo ya Mitume sura ya 22, jemadari wa kikosi cha Yerusalemu anapomwambia Paulo kwamba yeye uraia aliununua kwa mali nyingi. Askari wa kawaida aliulipia kwa ujana wake. Akitaka uthibitisho alipata mabamba mawili ya shaba yaliyofungwa kwa waya, na majina ya mashahidi saba. Ukikutana na bamba la aina hiyo kwenye jumba la makumbusho, tazama mwaka. Hadi mwaka 140 uraia uliwafikia na watoto waliozaliwa akiwa jeshini. Baada ya hapo, kwa kawaida, hapana.

Wala usiyapambe mapatano hayo. Mwaka 26 Wathrakia, wa eneo la Balkani, waliasi kwa sababu, pamoja na mengine, ya uvumi kwamba vijana wao wangechanganywa na mataifa mengine na kupelekwa nchi za mbali. Mwaka 69 Wabatavi wenyewe wakageuka, baada ya maofisa wa Roma wa kuandikisha askari kuwakamata wazee na wagonjwa ili walipiwe fidia waachiwe. Kiongozi wao, Julius Civilis, alikuwa raia wa Roma na ametumikia miaka 25.

Kama huwezi kufika, mbao za Vindolanda zimewekwa kwenye intaneti bure, na tafsiri ya Kiingereza. Anza na namba 154, ile taarifa ya zamu. Kisha 346, mtu ametumiwa soksi, viatu na nguo za ndani. Halafu 628, askari aitwaye Masclus anamwomba kamanda wake maagizo ya kesho, na mwishoni anaongeza kwamba wenzake hawana bia, iagizwe. Namba 291, mwaliko wa siku ya kuzaliwa ambao kila mwongozaji huusifia, iache kwanza. Ni barua nzuri, lakini ni ya mke wa kamanda kwa mke wa kamanda mwenzake, na hao hawakulala kwenye mabweni ya askari.