Mtaro wetu utaingiaje kwenye bajeti?

SWALI: Masika yakianza, mtaani kwetu Makorora maji yanafika mpaka barazani. Kila mkutano tunalisema, kila mwaka jibu ni kwamba bajeti imeshapita. Nasikia Brazil wananchi hupanga wenyewe fedha za mji ziende wapi. Sisi tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, mji wa Porto Alegre ulianza mwaka 1989. Wakazi walikutana eneo kwa eneo, wakaamua kipi kitangulie, lami au maji taka, wakachagua wajumbe wa kufuatilia. La kuigwa zaidi ni kwamba serikali ya mji ilianza kwa kueleza ahadi za mwaka uliopita zimefikia wapi. Hilo hata Makorora mnaweza kulidai, tena bila sheria mpya.

Kuhusu mtaro, ulizeni kwanza barabara ni ya nani. Za mtaani kwa kawaida ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Maombi mengi hufia hapa, kwa kupelekwa kwa asiye na fungu.

Halafu wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Anayelalamika Aprili, maji yakiwa mlangoni, amechelewa. Pelekeni ombi Septemba au Oktoba.

Mwandikieni mtendaji wa mtaa mapema ili jambo liwe ajenda, lisisubiri "mengineyo". Muhtasari ukisema tu "wananchi walilalamikia maji", hakuna anayeweza kulipangia fedha. Uandike mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, urefu kwa mita (kamba yenye alama inatosha kupimia), nyumba ngapi zinaingiliwa na maji, na hasa maji yatamwagikia wapi, kwani mtaro usio na mwisho huhamishia mafuriko kwa jirani. Ambatisheni mahudhurio, mwenyekiti na mtendaji wasaini. Nakala moja apewe diwani aifikishe Kamati ya Maendeleo ya Kata, nyingine iende TARURA. Yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, mwakani mtaanza upya.

SWALI: Kijijini kwetu tumeshakubaliana kwenye kundi la WhatsApp. Haitoshi? – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Haitoshi. Kundi linafaa kuitana na kutunza picha zenye tarehe. Hata Iceland walikusanya maoni ya rasimu ya katiba kwa intaneti mwaka 2011, wapiga kura wengi wakaiunga mkono mwaka 2012, lakini Bunge halikuipitisha. Kwenu chombo cha kuamua ni mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Kama haujaitishwa kwa zaidi ya miezi mitatu, mwandikieni mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, mkiomba tarehe.