Ukipewa kazi ya kumtembeza mgeni rasmi shuleni

Nilipokuwa kiranja mkuu, niliwahi kumfikisha mgeni rasmi kwenye mlango wa maabara nikakuta kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu aliyekuwa ukumbini akipanga viti. Tukasimama pale, mgeni, mkuu wa shule, viranja wanne na mpiga picha, sote macho kwenye kufuli. Hotuba niliyoikariri wiki nzima haikuwa na sehemu ya kufuli.

Kwa hiyo nawe ukiteuliwa, usianze kwa kukariri. Tembea kwanza. Siku moja kabla, piteni njia nzima, saa mkononi, mkisimama kila kituo kana kwamba mgeni yupo. Akiwa na dakika 40 nanyi mna vituo 8, kila kimoja kinapata dakika 5, na hapo hujahesabu mwendo, ngazi na salamu. Punguzeni. Ziara iliyofuata tulibakiza vituo 4 na hakuna aliyeuliza vingine. Mkipita, shikeni vitasa, washeni taa, fungueni mabomba. Jueni kila ufunguo uko kwa nani, na huyo mtu saa hiyo atakuwa wapi.

Mtembee ubavuni mwa mgeni, usimwache nyuma. Mkifika, simama, mgeukie, ndipo useme.

Maneno mgawane. Anayeshinda maktaba ndiye aseme habari za maktaba, hata kama wewe una sauti nzuri zaidi. Hili nilikubali kwa shingo upande, mpaka siku mgeni alipochomoa kitabu rafuni, akafungua ukurasa wa mihuri ya kuazima, akaukuta mweupe.

"Hiki kinasomwa?"

Moyo ulinilipuka. Kiranja wa maktaba, kidato cha pili, hakusita: "Hapana, mheshimiwa. Tunachogombania ni kile pale, na kipo kimoja tu." Akamletea kitabu kisicho na jalada, mgongo umebandikwa gundi ya karatasi, kona zimekuwa nyeusi kwa vidole. Mgeni alikifunuafunua, akauliza foleni yake ina watu wangapi. Kijana akatoa daftari, akahesabu majina mbele yake. Ratiba yangu ilivurugika, lakini pale ndipo mgeni alipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Mimi ningemjibu kwamba kinasomwa sana. Na angenishika hapohapo.

Usiulizwe ukabuni. Wala huna haja ya kumwaga shida zote za shule bila kuulizwa, hiyo ni ripoti ya mkuu. Usilolijua, sema hulijui, mwenzenu wa nyuma aliandike, na jibu limfikie mgeni kabla hajapanda gari.

Halafu kalamu ya kitabu cha wageni, ijaribuni mapema kwenye karatasi nyingine. Yaliyonikuta hapo sisimulii.