Kuchambua mwanzo wa filamu kabla ya kutengeneza wako

Umeuliza utazame mianzo mingapi ya filamu, yaani sehemu ya kwanza inayoonyesha majina ya waigizaji na watengenezaji, kabla ya kutengeneza wa kwako. Mitatu inatosha, ila kila mmoja uurudie mara nyingi. Kwanza zima sauti uone picha peke yake zinasema nini, kisha fumba macho usikilize muziki. Halafu, na hapa ndipo kazi ilipo, andika kila shoti (kipande cha picha kisichokatwa) kwenye mstari wake: inadumu sekunde ngapi, jina la nani limetokea, limekaa upande gani wa skrini, herufi zikoje.

Anza na Se7en ya 1995, ambayo mwanzo wake ulibuniwa na Kyle Cooper. Herufi zimekwaruzwa kwa mkono, zinatetemeka, na tunaona vidole vya muuaji vikishona madaftari yake. Uso hatuuoni, lakini tayari tunamwogopa! Kisha linganisha na Psycho ya 1960: Saul Bass alitumia mistari na maandishi tu, vikikatika pamoja na vyombo vya nyuzi vya mtunzi wa muziki Bernard Herrmann. Huo uuchambue kwa makini zaidi kama huna waigizaji wala kamera nzuri.