Jibu: Unene wa lithosfia Dodoma–Tanganyika kwa EGM2008? Acha kwanza!

Mkuu, funga hiyo laptop. Salamu baadaye. Umesema umepakua graviti ya EGM2008 (modeli ya mvutano wa dunia nzima) na topografia ya SRTM (vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani), unataka unene elastiki wa lithosfia (unene wa ile sehemu ya bamba gumu la juu la dunia inayobeba mizigo kwa kupinda) kutoka Dodoma hadi Ziwa Tanganyika, na unauliza dirisha (kipande cha ramani unachochambua kwa mara moja) liwe na ukubwa gani, programu ipi, na kama koherensi ya Bouguer (graviti iliyoondolewa mvuto wa milima inavyopatana na topografia) ni bora kuliko admitansi (uwiano wa graviti kwa topografia). Njia hiyo hiyo imenila miezi 14.

Mantiki unaijua. Mlima mpana huzama na kuota mzizi, kwa hiyo Bouguer inaufuata. Kilima chembamba hubebwa na ugumu wa bamba, Bouguer haina habari nacho. Pale uhusiano unapokatika ndipo unaposoma ugumu. Safi kabisa, ila EGM2008 si kipimo mwanzo mwisho. Kule ambako data za ardhini zilikosekana au zilibanwa, na Afrika tumo kwa wingi, mawimbi mafupi, yaani maumbo madogo madogo ya graviti, yalijazwa kwa graviti iliyokokotolewa kutoka kwenye topografia. Unalinganisha topografia na topografia iliyovaa kanzu. Zitaachaje kupatana?

Aliyenielekeza mimi alisema, "Hiyo modeli inafika daraja la umakini la 2190, nusu wimbi kilometa tisa, utaona hadi kichuguu." Kichuguu! Hakusema kwamba kichuguu chenyewe kilichorwa na kompyuta. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, sikuuliza.

Nilikaa chumbani Sinza, feni ikizimika kila umeme ulipokatika, nikitazama koherensi ya hewa huru (graviti kabla ya kuondoa mvuto wa milima) inakaribia 0.99 kwenye mawimbi mafupi. Nilidhani nimebarikiwa. Kisha nikatafuta msongamano wa miamba kutoka kwenye admitansi: volkano, 2,670. Bonde la mchanga, 2,670. Granaiti, 2,670 kilo kwa meta ya ujazo, hakuna hata gramu iliyoteleza. Ndugu yangu, hiyo ndiyo namba ambayo watu huichomeka kwenye kanuni wasipojua mwamba! Nikaandika kwamba "inaonyesha uthabiti wa mbinu". Chekeni tu, nimeshazoea.

Koherensi ya Bouguer nayo ilikatika pale pale data halisi zilipoishia. Nikaita ugumu wa bamba. Na ugumu unapanda kwa kipeo cha tatu cha unene: ukikosea unene mara mbili, ugumu umeukosea mara nane.

Siku ya kutetea tasnifu mtahini hakugusa hesabu yangu hata moja. Aliuliza, "Kituo cha graviti kilicho karibu na dirisha lako la saba kiko wapi?" Nikatazama dari. Nakala nne, jalada gumu, maandishi ya dhahabu, nimelipia Mwenge kwa hela ya kodi ya chumba. Mbili aliondoka nazo muuza karanga, na niliwahi kununua za mia tano nikakuta kurasa ya 61 ndiyo bahasha. Karanga zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote chora ramani ya vituo vya graviti, nukta kwa nukta, kila nukta mahali mtu aliposimama na mashine. Pasipo na nukta, usisome wimbi fupi. Huko tumia modeli ya satelaiti tupu, ya GRACE na GOCE zilizopima graviti kutoka angani, na ukubali kuishia karibu daraja la 250, yaani mawimbi ya kilometa 160 hivi. Kratoni ngumu (kiini cha kale cha bara) utaipata, ila dirisha liwe pana kuliko wimbi lenyewe mara kadhaa. Sehemu laini za Bonde la Ufa zinataka mawimbi mafupi, na hayo huna mpaka uwe na nukta.

Koherensi au admitansi, wakubwa wanabishana tangu McKenzie na Fairhead walipoipinga njia ya Forsyth, hiyo ya koherensi ya Bouguer, mwaka 1997. Mtu akikwambia "modeli ina kila kitu", muulize nukta ziko wapi. Programu umeuliza ipi vile? Yoyote. Weka ramani ya nukta hapa tuione.